Sauti Iliyomfuata Muuguzi Nyumbani

Kila asubuhi katika wodi ya mifupa, wauguzi wanaotoka zamu na wanaoingia huzunguka pamoja kitanda hadi kitanda, mikono nyuma, wakipokezana habari za wagonjwa. Sakafu huwa bado na unyevu wa deki, na harufu ya dawa ya kuua vijidudu hupanda kutoka kwenye ndoo ambayo mfagizi huiacha mlangoni. Sista Mkuu hutangulia. Viatu vyake vyeupe hulia kwi, kwi, na anapovisimamisha sambamba, watu hujua amefika kitandani na hunyamaza.

Siku hiyo alivisimamisha mbele ya kijana aliyevunjika mkono.

"Huyu ndiye aliyeitiwa daktari jana?"

Muuguzi aliyeita daktari alisema ndiyo.

"Kwa sababu gani?"

"Alitoka vipele kifuani baada ya sindano, Sista. Na alikuwa anapumua kwa shida kidogo. Nikahofia dawa imemkataa."

"Na daktari alisemaje?"

"Alisema ni joto tu."

"Ni joto." Sista Mkuu aliwageukia wengine taratibu, kama mwalimu anayetaka darasa zima lisikie. "Jamani, daktari katolewa chumba cha upasuaji, kavua glovu, kaja mbio, kuja kuelezwa na Bibi Harusi kwamba leo kuna joto. Nani alikupa cheti wewe?"

Wauguzi walicheka. Wagonjwa nao walicheka, maana mtu aliyelala chali wiki nzima hachagui sana cha kuchekea. Kijana wa mkono alicheka pia, ingawa usiku uliopita ndiye aliyemshika muuguzi kiganja na kumwambia asiondoke.

Jina la Bibi Harusi muuguzi alilipata wiki ya kwanza alipohamia hapo. Sista Mkuu alimwona akivuka wodi na sinia la dawa, akasema huyu anatembea kama bibi harusi anayepelekwa ukumbini, na wenzake wakaanza kumpigia vigelegele kila alipobeba sinia. Sasa hata mfagizi alimwita hivyo. Yeye mwenyewe alikuwa ameanza kuitika.

Kabla ya hapo alifanya kazi kwenye zahanati ndogo, na huko alijulikana kwa mkono mwepesi. Watoto aliowachoma sindano walikuwa wakichelewa kulia. Walikaa kidogo, wakamtazama, halafu ndipo walipokumbuka kwamba walitakiwa kulia. Aliipenda sifa hiyo. Hakuwahi kuisema kwa mtu, lakini alitembea nayo.

Sauti ilifika nyumbani kwake jioni ya siku hiyo ya vipele. Alikuwa amevua sare na kuvaa gauni la nyumbani, ameinamia sinki akiosha vyombo, sauti ya Sista Mkuu ikasema kutoka nyuma ya jiko la gesi, "Sifongo hiyo umeiokota wapi, jalalani?"

Muuguzi hakugeuka. Aliitazama sifongo. Ilikuwa imechakaa kweli. Akaitupa, akachukua mpya.

Mama mkwe alikuwa sebuleni akishona kifungo. "Nani huyo?" aliuliza.

"Sista Mkuu, mama. Wa kazini."

"Mbona sikumsikia akipiga hodi?"

"Hajaja mwenyewe. Ni sauti yake tu. Yeye bado yuko kazini."

Mama mkwe alikata uzi kwa meno, akafikiri. "Hata kama ni sauti, haiwezi kukaa jikoni kama panya. Iambie ije sebuleni."

Sauti ikaja sebuleni. Ilikaa upande wa kiti cha plastiki karibu na dirisha, au tuseme hapo ndipo iliposikika vizuri zaidi, na tangu hapo hakuna aliyekikalia kiti kile. Mume aliporudi kutoka kazini aliambiwa, akaisalimia. Haikumwitikia, kwa kuwa haikuwa na shida naye.

"Ina maringo," alisema, akaenda kuoga.

Ilikuwa na shida na muuguzi peke yake. Ilimuuliza kwa nini anakunja shuka kama mtu anayefunga karanga. Ilimuuliza kama alivyokata vitunguu ndivyo anavyokata bendeji. Alipomsimulia binti yake hadithi ya kumlaza, ilimsubiri afike mwisho, kisha ikasema, "Ndiyo hivyo tu?" Haikupaza sauti hata mara moja. Hata wodini Sista Mkuu hakuwa mtu wa kupayuka. Alisema kila neno kwa utulivu, kwa namna ambayo mtu wa kitanda cha mwisho asingelikosa.

Mume alikuwa fundi wa majokofu. Jumamosi moja alichanganya sabuni na maji kwenye bakuli, akachukua brashi na kuanza kupaka povu kwenye kuta za sebule, kwenye fremu za madirisha, kwenye swichi za taa. Gesi ya jokofu ikivuja, fundi hupaka povu kwenye mabomba, na linapofura ndipo penye tundu. Alitaka kujua sauti inaingilia wapi ili apazibe. Alipaka mpaka sare ya mkewe iliyoning'inia nyuma ya mlango. Sauti iliendelea kuongea muda wote, ikimwambia muuguzi kwamba hata mume kamchosha. Povu halikufura popote.

"Haivuji," alisema fundi akijifuta mikono. "Imo humu humu ndani, wala haipungui."

"Sasa tufanyeje?"

Alifikiri kwa uaminifu kabisa, kwa sababu alimpenda mkewe. "Kuna majokofu hunguruma tu, miaka nenda miaka rudi, na hakuna fundi anayejua kwa nini. Wenye nyumba huzoea."

Wakazoea. Mama mkwe alifikia hatua ya kuiaga sauti anapokwenda kulala. Binti, aliyekuwa darasa la pili na mwenye wanasesere waliofungwa vitambaa vichwani na miguuni, alibadilisha mchezo. Zamani aliwabembeleza, "Pole, pole, imekwisha." Sasa aliwapanga mstari ukutani, akapita mbele yao na mikono nyuma, akasimama.

"Nani alikupa cheti wewe?" alimuuliza mmoja.

Muuguzi alikuwa mlangoni. "Umejifunza wapi maneno hayo, mwanangu?"

"Kwa yule bibi wa sebuleni."

"Na mwanasesere anajibu nini?"

Mtoto alimtazama mamaye kwa mshangao kidogo. "Hajibu kitu, mama. Hajui."

Wodini, mikono yake ilianza kumgeuka. Alivuta dawa kwenye bomba la sindano, akaimwaga, akavuta tena, akasoma kichupa mpaka herufi zikapoteza maana. Alinawa, akanawa tena. Siku moja aliletewa kutoka wodi ya jirani mtoto aliyekauka mwili kwa kutapika, anayehitaji maji ya mshipani upesi, kwa kuwa wenzake, pamoja na mizaha yao yote, bado walikuwa wakimwita kwa kazi ya namna hiyo. Alichoma, akakosa. Akachoma kwingine. Mtoto alilia papo hapo. Alipotaka kujaribu tena, mama wa mtoto aliuondoa mkono wa muuguzi, si kwa hasira, akasema, "Dada, naomba mwingine."

Sista Mkuu alikuja, akaupapasa mkono wa mtoto kwa kidole gumba, akaupata mshipa mara moja. Alikuwa muuguzi hodari. Hata waliomchukia walilikubali hilo, na pengine ndiyo sababu kila alichosema kiliaminika.

"Mkono mwepesi," alisema akivua glovu, bila kumtazama mtu. "Ndivyo nilivyosikia."

Muuguzi hakuwahi kujua nani alimwambia.

Wakati huo alilazwa dereva wa lori aliyevunjika mguu chini ya goti. Alikuwa mtu mzima, mwenye mvi za kifuani na utani wa stendi. Walimfunga plasta na kumwinulia mguu juu ya mito, naye alimwambia kila aliyepita, "Gari limepata pancha, lakini aliyepandishwa jeki ni mimi." Alitaniana na wote. Muuguzi peke yake alimwita binti, akamwuliza habari za nyumbani, na hakulitumia lile jina jingine ingawa alilisikia kutwa nzima.

Alasiri moja wageni walikuwa wameshaaga, na Sista Mkuu alikuwa kwenye kikao cha wakuu wa wodi katika jengo jingine. Muuguzi alipita na sinia la vidonge. Dereva hakumtania. Alikuwa ameyang'ata meno, jasho limemtoka juu ya mdomo.

"Dawa uliyonipa haijagusa kitu, binti. Ni kama mguu unapasuka kwa ndani."

Muuguzi aliweka sinia chini, akaangalia vidole vya mguu. Vilikuwa vimevimba na kupoteza rangi, na vilikuwa vya baridi. Alibonyeza ukucha wa kidole gumba, akaachia, akangoja damu irudi. Ilichelewa sana. Alikigusa kidole kimoja, akakiinua kidogo tu, na dereva akatoa sauti ambayo wagonjwa wa pande zote mbili waliigeukia. Alijua ni nini. Alifundishwa mwaka wa kwanza wa chuo: mguu unavimba ndani ya plasta, plasta haitanuki, na kinachobanwa mwishowe hufa. Plasta ilitakiwa ipasuliwe sasa hivi. Alibaki ameinama pale, akiutazama mguu, na dereva akimtazama yeye.

Kisha akaenda kwenye meza ya wauguzi, akainua simu.

"Unampigia nani?" ilisema sauti.

Ilikuwa mara ya kwanza kuja naye kazini. Ilitokea upande wa stendi ya dripu. Kijana wa mkono aliisikia, akasema, "Sista karudi," akanyoosha shuka lake. Wengine nao wakakaa vizuri. Hakuna aliyehangaika kuangalia mlangoni.

"Naita daktari wa mifupa," alisema muuguzi.

"Leo kuna nini?"

"Vidole vya dereva ni vya baridi."

"Vya baridi. Juzi joto, leo baridi. Wewe ni muuguzi au mtabiri wa hali ya hewa?"

Kitanda cha karibu na dirisha kilicheka, kingine kikafuata. Simu ilikuwa sikioni mwake, ikitoa ule mlio wa kungoja namba. Aliona daktari akitolewa tena chumba cha upasuaji. Aliona asubuhi ya kesho, viatu vyeupe vikisimama sambamba. Aliitazama mikono yake, ile iliyokosa mshipa wa mtoto, akajiuliza kama kidole cha mtu kama yeye kinaweza kujua baridi ni ipi. Akarudisha simu mahali pake.

Alirudi kwa dereva, akamwongezea dawa ya maumivu iliyokuwa imeruhusiwa, akamfunika vidole kwa blanketi.

"Kuna tatizo, binti?"

"Hapana, baba. Utakaa sawa."

Dereva alifumba macho. Zamu iliyofuata ilipoingia, muuguzi alimwambia mwenzake kwa sauti ndogo amwangalie dereva vidole. "Tumekusikia, Bibi Harusi," alisema mwenzake, aliyekuwa akisikiliza kichekesho cha mtu mwingine.

Plasta ilipasuliwa asubuhi, na daktari aliyeipasua aligeuza uso. Walijaribu walivyoweza. Haikuisha wiki, mguu ukakatwa.

Kiliitishwa kikao kwenye chumba cha chai. Daktari wa mifupa aliuliza kwa nini hakuitwa.

"Hata mimi najiuliza," alisema Sista Mkuu, na macho ya watu yakaelekea sehemu moja.

"Niliogopa kuita," alisema muuguzi.

"Uliogopa nini? Daktari anauma?"

Watu walicheka kidogo, kwa uchovu, na daktari naye alitabasamu kwa kuwa ilibidi. Muuguzi alipewa onyo, na wengine wote wakakumbushwa kwamba milango ya uongozi iko wazi. Daktari alitoka na Sista Mkuu akatoka. Waliobaki walikuwa wauguzi wa zamu tu, pamoja na yule mzee wao waliyemwita Mama Chupa kwa sababu ndiye aliyeleta chupa ya chai kila siku.

"Kuna sauti," alisema muuguzi. "Ya Sista. Iko nyumbani kwangu."

Alitegemea kicheko. Mama Chupa aliendelea kupanga vikombe.

"Yako inakaa wapi?"

"Sebuleni."

"Una bahati. Yangu ipo chumbani."

"Yangu bafuni," alisema mwingine. "Watoto wanaoga kwa jirani."

Wa tatu hakusema yake inakaa wapi. Alisema tu kwamba mume wake alihama, akisema hakuoa watu wawili.

Muuguzi aliwatazama, watu aliofanya nao kazi bega kwa bega, waliompigia vigelegele. "Kwa nini hamkuniambia?"

"Tungekuambia nini?" aliuliza yule wa bafuni. "Kwamba bosi ana sauti?"

"Mguu wa mtu umekatwa."

Mama Chupa alimmiminia chai, akajimiminia na yeye, akaketi na miguu yake iliyovimba mbele yake. "Mgonjwa wangu mimi alikuwa mtoto mchanga," alisema, akaipuliza chai ipoe.

Jumapili muuguzi alivaa nguo za heshima akaenda nyumbani kwa Sista Mkuu, kumwomba aichukue sauti yake. Ilikuwa nyumba ndogo yenye ua uliokatwa majani sawasawa kama kichwa cha askari. Alipokaribia mlango alisikia sauti ya bibi kizee, kavu, isiyo na haraka, ikisema, "Umekaa hivyo kama gunia? Mgongo."

Kupitia wavu wa mlango alimwona Sista Mkuu mezani, peku, mbele ya sahani ya chakula. Hapakuwa na mtu mwingine. Sista Mkuu alinyoosha mgongo.

"Ndiyo, Matroni," alisema.

Muuguzi alibisha. Sista Mkuu alimfungulia, na bila viatu vyake alikuwa mfupi kuliko alivyoonekana wodini. Hakujitetea. Alimwonyesha kiti.

"Ni matroni aliyenifundisha kazi," alisema.

"Amestaafu?"

"Amekufa zamani. Nilimwosha mwenyewe."

"Na maji yalikuwa ya baridi," ilisema sauti ya kizee. Sista Mkuu aliinamisha kichwa.

Muuguzi alieleza kilichomleta. Sista Mkuu alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kazini, na alionekana hata kusikitika.

"Sijui inavyotoka," alisema. "Mimi nikifika nyumbani nakuta koo limekauka tu."

"Kwa hiyo huwezi kuichukua."

"Nikiichukua nitaiweka wapi?" Alitupa macho sebuleni mwake, kwenye viti vilivyojipanga na vitambaa vilivyonyooshwa. "Humu unaona nafasi?"

"Mgeni amekaa saa nzima hajapewa hata maji," ilisema sauti. Hakuwa amekaa hata robo saa, lakini Sista Mkuu alinyanyuka upesi, karibu aanguke, akaenda kuleta maji. Walikunywa. Mlangoni, akimsindikiza, aliuliza kwa namna ambayo muuguzi hakuwahi kumsikia akiuliza kitu:

"Ule mguu uliuona?"

"Niliuona."

"Hata mimi ningeuona."

"Na ungeita daktari, Sista?"

Sista Mkuu aligeuka akatazama ndani. "Nilipokuwa kama wewe," alisema, "hapana." Halafu akaitwa, akarudi kumaliza chakula chake.

Muuguzi alirudi nyumbani akiwa na tumaini dogo, ambalo alilionea aibu, kwamba watu wawili walioonana hivyo hawawezi kuendelea kama zamani. Jumatatu asubuhi walizunguka vitanda. Viatu vyeupe vilisimama.

"Jamani, Bibi Harusi siku hizi anatembelea watu majumbani," alisema Sista Mkuu kwa ile sauti yake tulivu. "Huku mgonjwa amekatwa mguu, yeye yuko kwenye soga. Dereva, tusamehe. Tulikupa muuguzi mwenye mialiko mingi."

Dereva hakucheka. Tangu mguu uondoke alikuwa hachezi utani na mtu, na wenzake wa vitanda vya jirani walimlaumu kidogo kwa kuharibu wodi.

Aliruhusiwa mwezi uliofuata. Muuguzi ndiye aliyepangiwa kumsukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi nje, ambako kaka yake alikuwa anakuja na gari. Walikaa kwenye kivuli cha jengo wakingoja. Suruali ya dereva ilikuwa imekunjwa vizuri upande mmoja na kubanwa kwa pini. Muuguzi ndiye aliyeikunja, na aliikunja upya mara kadhaa.

"Binti," alisema dereva. "Siku ile uliutazama sana mguu wangu."

"Ndiyo, baba."

"Uliona?"

Alikuwa amejiandalia maneno mengi kwa ajili ya siku hii. Alitaka kumweleza habari za simu, na vipele, na kiti cha plastiki cha sebuleni. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja ambalo lingetosha kumpa mtu aliyekaa namna ile.

"Niliona," alisema.

Dereva alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu alichokuwa akikikisia.

"Unajua," alisema, "mimi nilikuwa nimepanga kupiga kelele. Maumivu yale hayakuwa ya kawaida, nilijua. Nilitaka nipige kelele mpaka aje daktari, hata wakinifukuza. Halafu ukaja wewe, ukakishika kidole, ukakaa pale unatazama. Nikakuona usoni. Nikasema, basi, huyu ameshaelewa. Nikanyamaza." Alivuta pumzi. "Ulivyonifunika lile blanketi, nilikwambia ahsante?"

"Hukusema, baba."

"Nilisema moyoni."

Gari lilikuja. Kaka yake alimwingiza kwa kumkumbatia kiunoni, magongo yakatupwa nyuma, na dereva wa lori akafungwa mkanda upande wa abiria. Hakumwangalia tena muuguzi, wala hakumtukana. Alikuwa akiangalia mguu wa kaka yake ukikanyaga mafuta.

Muuguzi aliporudi wodini kitanda kilikuwa kimeshatandikwa, na mtu mwingine alikuwa amelala juu yake akiuliza chakula kinakuja saa ngapi.

Siku hizo aliletwa muuguzi mpya, msichana aliyetoka tu chuoni, mwenye sare iliyonyooka na kalamu za rangi mfukoni. Alikuwa mwepesi, alikuwa anauliza maswali, na wagonjwa walimwita wakati hawahitaji kitu. Asubuhi moja, akitoa taarifa ya mgonjwa aliyekuwa na homa, alisema alidhani ni vyema daktari aitwe.

"Ulidhani," alisema Sista Mkuu.

Aliendelea kwa muda, kwa utulivu. Wauguzi walicheka, wagonjwa wakacheka, na muuguzi, aliyesimama mwisho wa mstari na mikono nyuma, aligundua kwamba naye amecheka. Kicheko kilikuwa kimeshatoka. Msichana alibaki akitabasamu, kama mtu aliyekanyagwa na mkubwa wake na hajui kama inaruhusiwa kuuvuta mguu.

Jioni muuguzi alikuwa dirishani akikunja mashuka safi. Chini, wa zamu ya mchana walikuwa wakitoka mmoja mmoja. Alimwona msichana akivuka uwanja na mkoba wake begani, ameinamisha kichwa, na akasikia, wazi kabisa, sauti ya Sista Mkuu ikimfuata hatua kwa hatua, ikimuuliza viatu gani hivyo na huko alikosomea walikuwa wanafundishwa na nani. Sista Mkuu mwenyewe alikuwa ofisini mwake, mlango wazi, akinywa maji.

Dirisha lilikuwa wazi. Msichana hakuwa mbali. Angeweza kumwita na kumwambia asiiache ipite mlangoni kwake, au walau asiipe kiti. Angeweza kumwambia kwamba kesho, akimwona mgonjwa yeyote ambaye moyo wake unamwambia ni mbaya, ainue simu na ajitie uziwi. Alifungua mdomo. Shuka alilokuwa ameshika lilikuwa limekunjwa kombo, akalifungua, akalikunja upya, akasawazisha ncha, na alipoinua macho msichana alikuwa ameshafika getini.

Mlinzi aliinua kizuizi, akawaaga wote wawili.